Anachoandika Mganga Ndicho Mahakama Itakachosoma

Ndoa inapovunjika, swali zito kuliko la mali ni la watoto: watakaa na nani? Nchini Tanzania mahakama hulijibu swali hilo kwa kuongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria zote mbili hutanguliza ustawi wa mtoto. Hata hivyo, ustawi huo hupimwa kwa ushahidi. Na pale inapodaiwa kuwa mzazi mmoja alikuwa akimpiga mwenzake, sehemu kubwa ya ushahidi huwa imehifadhiwa, au imepotea, katika chumba cha daktari muda mrefu kabla ya shauri kufunguliwa.

Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinachukulia kuwa ni heri mtoto aliye chini ya umri wa miaka 7 akae na mama yake. Wengi huishia hapo. Dhana hiyo inaweza kupingwa, na kifungu hicho hicho kinaitaka mahakama ipime madhara ya kuvuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Sheria ya Mtoto nayo inataja haja ya malezi yasiyokatizwa. Kanuni hiyo ni ya busara, lakini ina makali pande mbili. Mama aliyekimbia kipigo usiku na kuwaacha watoto huenda akafika mahakamani baada ya miezi kadhaa, akaambiwa kuwa aliwatelekeza na kwamba sasa wamekwisha kuzoea kwa baba yao. Aliyebaki ndani ya nyumba huonekana mtulivu. Aliyetolewa na hofu huonekana mtoro.

Kinachoweza kueleza sababu ya kuondoka kwake ni faili la hospitali pamoja na fomu ya polisi namba 3, yaani PF3. Lakini faili lenye maneno "ameumia jichoni, amepewa dawa" halielezi lolote. Maandishi yanayofaa hutaja mahali penye jeraha, umbo lake na ukubwa wake kwa sentimita. Huyanukuu maneno ya mgonjwa kama alivyoyatamka, likiwamo jina la aliyemtaja kuwa ndiye aliyemuumiza. Na huonyesha watoto walikuwa wapi wakati huo. Mganga ajihadhari pia asikadirie umri wa jeraha kwa rangi ya damu iliyovilia peke yake, kwa kuwa kipimo hicho hakiaminiki na wakili makini atakiangusha.

Mtoto mwenyewe mara nyingi husahaulika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa wanawake 4 katika kila 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili. Mtoto anayeishi katika nyumba yenye ukatili huumia hata kama hakuguswa. Huenda akarudia kukojoa kitandani baada ya kuacha, akashtuka usingizini, akalalamikia tumbo lisiloonyesha ugonjwa, au akashuka darasani. Akipewa dawa ya minyoo na kurudishwa nyumbani bila swali, ushahidi wake umekwenda naye.

Wapo wahudumu wanaosema kuwa mambo ya ndoa hayaihusu hospitali. Kifungu cha 66 cha Sheria hiyo ya Ndoa kimekwisha kutamka kuwa hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Wengine huogopa kutumiwa kwa madai ya uongo. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni kuandika kwa uaminifu. Mganga haombwi kuhukumu. Huandika alichokiona na alichoambiwa, na jeraha lisilolingana na maelezo huandikwa vilevile. Maandishi ya namna hiyo humlinda pia mzazi aliyesingiziwa.

Uangalifu unahitajika. Mgonjwa aulizwe akiwa peke yake, asiulizwe mbele ya mwenzi wake wala mtoto. Maelezo ya ukatili yabaki katika faili la kituo, yasiandikwe kwenye kadi ya kliniki itakayosomwa nyumbani na yule yule anayeogopwa.

Mgonjwa naye ana sehemu yake: kufika mapema, kutaja chanzo cha jeraha bila kuficha, na kutoa taarifa katika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Ofisa ustawi wa jamii, ambaye taarifa yake mahakama huweza kuiagiza, aelezwe pia hali ya watoto. Hakimu hakuwapo usiku ule. Atamweka mtoto mikononi mwa mzazi mmoja kwa kutegemea yaliyo mbele yake, na mtoto ndiye atakayeishi na matokeo ya uamuzi huo kila siku.