VIKAPU 12 NA PIPA LA TAKA



Neno la leo lina makali kidogo. Lipokee.

Katika Yohana 6, Yesu alilisha wanaume 5,000 kwa mikate 5 na samaki 2. Muujiza huo tunaupenda sana. Lakini wengi wetu hufunga Biblia watu wakishashiba, kabla ya kufika mstari wa 12. Hapo Bwana anawatuma wanafunzi wakusanye yaliyobaki, na vikajaa vikapu 12. Mwenye uwezo wa kuzidisha mkate hakukubali makombo yaachwe kwenye nyasi. Wewe unayenunua unga kwa shilingi, ujasiri wa kumwaga umeutoa wapi?

Shirika la UNEP, ambalo makao yake makuu yako hapa Gigiri, Nairobi, lilitoa ripoti mwaka 2024. Inasema kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa zaidi ya tani bilioni 1 za chakula, na asilimia 60 ilitoka majumbani. Si hotelini tu, mpendwa. NI JIKONI KWETU. Na watu milioni 783 walikuwa na njaa.

Kuna wanaosema, "Pasta, kumpa maskini kilichobaki ni kumdharau." Soma Walawi 19. Mungu alimkataza mkulima kuvuna mpaka pembe za shamba. Masazo yalikuwa HAKI ya maskini na mgeni. Ruthu aliokota masazo katika shamba la Boazi, naye Boazi akawaagiza vijana wake wamwachilie masuke kwa makusudi, wala wasimkemee. Mwanamke huyo ndiye bibi yake Yese, baba wa Daudi. Dharau ni kumwaga sufuria ya pilau nyuma ya hema la harusi huku watoto wa jirani wakichungulia kwenye ua.

Wengine wanasema, "Tuombe tu, Mungu atafungua mlango." Tuombe, ndiyo! Lakini Yakobo 2 inamkemea anayemtakia ndugu mwenye njaa shibe na kumwacha aende mikono mitupu. Mlango umefunguliwa kila jioni pale sokoni, mama mboga anapobaki na nyanya zilizopondeka kidogo na sukuma wiki ambayo kesho haitauzika.

Na wengine wanangoja serikali. Benki ya kwanza ya chakula duniani, St. Mary's, ilianza Phoenix, Marekani, mwaka 1967. John van Hengel alikuwa mtu wa kujitolea tu, akikusanya chakula ambacho kingetupwa. Kanisa likampa jengo na fedha kidogo za kuanzia. Hawakungoja bunge likae.

Kila kanisa letu lina kamati ya harusi na kamati ya mazishi. IKO WAPI KAMATI YA VIKAPU?

Kazi si ngumu. Vijana wawili na mkokoteni waende sokoni Jumamosi jioni, wazungumze na wauzaji kwa heshima. Mtu mmoja aandike kilichopokelewa na kilikoenda. Anzeni na mboga, matunda na nafaka. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na jua likiwa kali, saa moja. Kilichochacha au kuota ukungu kiende kwenye mbolea, kisiende kwa mjane. Usimpe mtu chakula ambacho wewe mwenyewe usingekula. Na tafadhali, msimpige picha anayepokea. Boazi hakumwaibisha Ruthu.

Tumefunga na kukesha tukiomba baraka ya mavuno. Mungu ametoa, nasi tumemwagia jaa la taka. Tusimwite tena atende muujiza kabla hatujaokota vipande vya muujiza wa jana.

Leo usiandike "Amina" hapa chini kisha jioni ukamwage ugali. Andika jina la soko lililo karibu na kanisa lako, na siku utakayoenda na kikapu.