SANTURI NDIYO KIINUA MGONGO CHA MWIMBAJI



Siku hizi vijana hukata kipande cha santuri ya zamani, wakakitia katika wimbo wao mpya. Je, ni halali?

Mwaka 1976 bendi ya Black Savage ya Nairobi ilirekodi "Kothbiro", yaani, kwa Kijaluo, mvua yaja. Mwaka 2018 Kanye West wa Marekani alitia kipande cha santuri ile katika wimbo wake "Yikes", na jina la James Mbarack Achieng likaandikwa miongoni mwa watungaji. Hivyo ndivyo ipasavyo.

Wengine watatuuliza: "Ninyi wa reli mmetandika njia, je, hulipwa kila treni ipitapo?" Hatulipwi. Lakini sisi tuna mshahara na kiinua mgongo. Mwimbaji hana. Santuri yake ndiyo kiinua mgongo chake.

Kuazima mdundo si kosa. Wazee wetu waliazimana. Lakini kukata sauti yenyewe ni kumtumia mtu mara ya pili. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 yalinda vitu viwili: wimbo uliotungwa, na sauti iliyorekodiwa, hii kwa miaka 50. Basi ruhusa za kuombwa ni mbili.

Tena sheria haimfai sana asiye na karatasi. Wapiga gitaa wa Kisumu, msikubali malipo ya mkononi tu. Andikianeni mapatano kabla ya kurekodi, na nakala moja ikae kwako.

Jasho ni jasho, la nyundo au la nyatiti.