Unter den Linden: Miti Hukumbukwa, Walimu Husahauliwa

Wako wanaodhani kuwa historia ya njia nzuri ni historia ya miti yake na ya wafalme waliopita chini yake. Mji wa Berlin una njia ya namna hiyo, Unter den Linden, yaani Chini ya Miti ya Linden, na kila anayeisimulia huanza pale pale: mwaka 1647 mtawala Friedrich Wilhelm wa Brandenburg aliamuru miti ya linden na mijozi ipandwe kwa safu, kutoka kasri lake hadi msitu wake wa kuwindia. Kisha hutajwa majumba, na Lango la Brandenburg lililokamilika mwaka 1791. Msimulizi akifika langoni, hadithi imekwisha. Lakini wahenga walisema, nyumba njema si mlango.

Hata hiyo miti inayosifiwa si ile ya mwaka 1647. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wanazi uliikata ili kuchimba njia ya treni ya chini ya ardhi, iliyofika hapo mwaka 1936, mwaka wa Michezo ya Olimpiki. Miche iliyopandwa badala yake mingi iliangamia vitani, na katika miaka ya 1950 serikali ya Ujerumani Mashariki ikapanda mingine. Kila utawala umekata na kupanda upendavyo; walakini hapana asemaye kwamba njia ile imepoteza historia yake. Mti uliokufa hurithiwa nafasi, hurithiwa na jina. Binadamu hawakufanyiwa hisani hiyo.

Jengo kuu la Chuo Kikuu cha Berlin, kilichoasisiwa mwaka 1810, limesimama kando ya njia hiyo. Mwaka 1887 chuo hicho kilianzishiwa taasisi ya lugha za Mashariki, na Kiswahili kikafundishwa humo kwa maofisa na wafanyabiashara waliojiandaa kwenda Afrika Mashariki. Walimu hawakuwa Wajerumani peke yao. Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha huko tangu 1891 hadi 1895, akaandika kwa Kiswahili habari za maisha yake na za mji wa Berlin. Maandishi yake yalichapishwa katika mkusanyo wa Büttner wa mwaka 1894. Akaja Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu *Desturi za Wasuaheli*, kilichotolewa mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten. Mwaka 1904 Mtoro alioa mke wa Kijerumani. Alipotaka kurudi kwao mwaka uliofuata, mamlaka ya koloni ikamzuia kuingia na mkewe. Alirejea Ujerumani, akafia Berlin mwaka 1927.

Wapo watakaosema: hao walikuwa watumishi wa ukoloni, waliwapa wageni ufunguo wa nyumba, wasahauliwe. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, wala haifai kupuuzwa. Lakini Mgala muue na haki yake mpe. Amur alimtazama Mzungu akiwa kwao, akamweleza kwa Kiswahili. Mtoro aliandika mambo ya pwani kama mwenyewe alivyoyajua. Kumfuta mwandishi kwa sababu ya aliyemwajiri ni kumwachia mwajiri kazi yote.

Tena yuko Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyefundisha Kiswahili katika mji huo huo enzi za Wanazi. Tarehe 10 Mei 1933 vitabu vilichomwa moto katika uwanja ulioelekeana na chuo kikuu. Leo uwanjani hapo pana kumbukumbu ya rafu tupu chini ya ardhi, na wageni huinama kuichungulia. Husen alikamatwa mwaka 1941 kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akafungwa bila ya kuhukumiwa katika kambi ya Sachsenhausen, akafa humo mwaka 1944. Kumbukumbu yake ni kijiwe kidogo kilichotiwa mwaka 2007 mbele ya nyumba aliyokaa, mbali na miti hiyo.

Upande wa pili wa njia, kasri la wafalme limejengwa upya na kufanywa makumbusho, ambamo tangu 2021 huoneshwa vitu vya makoloni. Jumba la kuweka vitu limepatikana; nafasi ya kuwataja walimu bado ni finyu.

Hata hivyo lawama isiishie Berlin. Ni shule ngapi za Unguja, Bagamoyo na Dar es Salaam zinazomtaja Amur au Mtoro katika somo la fasihi? Wajerumani wana deni lao, na walidaiwe. Lakini kuwachapisha waandishi hawa upya, kwa Kiswahili chao na kwa majina yao, ni kazi ya Waswahili wenyewe, wala haihitaji ruhusa ya mtu.