Akiba Si ya Baba Peke Yake
Mama mpendwa, Novemba 5, 2022, marubani wa Kenya Airways waligoma. Maelfu ya abiria wakakwama. Wengi tulinung'unika, "Wenye mishahara minono wataka nini tena?" Walitaka kampuni irudishe mchango wake katika akiba yao ya kustaafu, na walipwe mishahara iliyozuiliwa wakati wa Korona. Mahakama iliwaamuru warudi kazini asubuhi ya Novemba 9.

Lakini akiba hiyo si ya rubani peke yake. Ni ya mkewe akibaki mjane, na ya watoto walio shuleni. Je, wajua mumeo hukatwa kiasi gani, na nani ameandikwa kuwa mrithi? Leo, baada ya chakula cha jioni, muulize kwa upole.