Nikeli ya Ngara, maabara ya Kansas

Na Mrisho Kasanda

Ipole ni njia panda. Ukitoka Tabora ukaipita Sikonge, hapo ndipo barabara ya Mpanda inapoachana na ile ya Rungwa inayokwenda kutokea Mbeya. Unyamwezi yote imezoea kupitisha mizigo. Katika karne ya 19 wapagazi walibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wakapita Tabora, wakazishusha Bagamoyo. Baadaye ikaja zamu ya nta na tumbaku. Kilichoondoka kiliondoka kikiwa ghafi, na waliokitengeneza huko mbele ndio walionona.

Leo mzigo ninaoutazama ni nikeli, pamoja na elimu ya kuitumia.

Mwaka 2020 jarida la Scientific Reports lilichapisha makala ambayo mwandishi wake wa kwanza ni Ginena Bildard Shombe, mkemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliandika na wenzake wa Chuo Kikuu cha Zululand, Afrika Kusini, na wa Pittsburg State, Kansas, Marekani. Walitengeneza salfidi ya nikeli ya aina mbili, alfa na beta, pamoja na mchanganyiko wake, bila kutumia kiyeyusho. Kisha wakaipima kama kichocheo cha kuchanganua maji kuwa haidrojeni na oksijeni.

Kazi hiyo inamhusu mtu wa Ipole. Paneli ya jua juu ya bati hutoa umeme mwingi saa sita mchana, wakati hauhitajiki sana. Saa mbili usiku betri iliyochoka inazima. Umeme wa ziada wa mchana unaweza kuchanganua maji, haidrojeni ikawekwa akiba, na usiku ikaingizwa kwenye seli ya haidrojeni, ikakutana na oksijeni ya hewani, ikatoa umeme na maji basi. William Grove alilionyesha jambo hili tangu 1839. Kinachokwamisha ni gharama, na sehemu ya gharama hiyo ni platinamu inayotumika kama kichocheo.

Kichocheo hufanya kazi usoni mwake. Haidrojeni hunasa pale chembe moja moja, zikaungana mbili mbili, zikaachiwa kama gesi. Uso ukizishika kwa nguvu mno, haziondoki. Ukizishika kwa ulegevu, hakuna kinachotendeka. Platinamu imejaliwa mshiko wa kiasi. Mkemia anatafuta metali ya bei nafuu yenye mshiko unaoukaribia huo. Tena mbinu nyingi za kutengeneza chembe ndogo ndogo huziacha zimevikwa utando wa kemikali unaoziba uso wenyewe, kama sufuria isiyosuguliwa. Ndiyo maana timu ya Shombe ilitafuta njia ya kuzipata zikiwa tupu. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzuri wa utafiti huu.

Sasa tazama ramani. Kabanga, wilayani Ngara, kuna nikeli ambayo imefungamana na salfa ardhini. Simaanishi kwamba jiwe la Kabanga ni kichocheo. Lina chuma, shaba na kobalti, na lazima lisafishwe. Lakini Januari 2021 Serikali ilitia saini mkataba wa mradi huo, ikapata hisa za asilimia 16, na usafishaji wa madini ndani ya nchi ukawa sehemu ya mpango. Madini tunayo, na mkemia tunaye.

Katika mwaka wa fedha 2022/23 Serikali ilitenga Sh1 bilioni kuwatuza watafiti wanaochapisha kwenye majarida makubwa duniani. Naunga mkono kwa moyo wote, maana mtafiti anayenukuliwa na wenzake duniani ni heshima ya nchi. Ila tuzo hiyo inaishia pale makala inapotoka. Kazi inayofuata haina mlipaji: kuiendesha elektrodi miezi kadhaa mfululizo, kuijaribu kwa maji ya kisima yenye chumvi, kwenye joto na vumbi la Sikonge, kubaini inapochakaa na kwa nini.

Watasema kijiji kinahitaji zahanati kwanza. Ni kweli, na zahanati hiyo itahitaji friji ya chanjo isiyozima usiku. Kwa duka la kuchaji simu betri bado ni nafuu kuliko haidrojeni, wala sitamdanganya mtu. Lakini haidrojeni hiyo hiyo ndiyo inayotengeneza amonia, na amonia ndiyo malighafi ya mbolea ambayo mkulima wa mahindi na tumbaku huinunua kwa bei ya kuumiza.

Napendekeza sehemu ndogo ya mrabaha wa nikeli, hata kama ni nusu asilimia, itengwe kwa sheria kwa ajili ya maabara za kemia za Dar es Salaam na za Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, ili vipimo vinavyofanyika Kansas vifanyike nyumbani, mwanafunzi akiwa amesimama kando ya mashine. Bajeti ya Wizara ya Madini inapofika bungeni, wabunge wa Tabora na Kagera wawe wa kwanza kuuliza fungu hilo liko ukurasa gani.