Kadi Umeinunua, Ufunguo Anao Nani?



Leo hatuzungumzii hina wala shela. Tunazungumzia kadi ya video, kile kipande kinachokaa ndani ya kompyuta na kuchora kila unachokiona kwenye kioo. Mtasema hayo ni mambo ya vijana na michezo yao. Sivyo, mashoga zetu. Video ya harusi yako inapita humo.

Harusi zetu tunazijua. Ukumbi ni wa akina mama watupu, biharusi yuko wazi kichwa, hina imepanda mpaka juu ya mikono, wageni wamevua mabuibui. Mpiga video ni mwanamke mwenzetu, na tunamchagua kwa uaminifu wake kabla ya bei yake. Lakini kazi yake haiishii ukumbini. Anarudi nyumbani kukata, kuunga na kupanga rangi, na kazi hiyo inataka kompyuta yenye kadi ya video yenye nguvu. Wengi wa dada hawa wanaanza kama wanavyoanza wenzao wa cherehani: kwa mashine ya mtumba. Na kompyuta ya mtumba huja na kadi ya mtumba. Hapo ndipo penye maneno.

Kadi ya video si chuma peke yake. Inahitaji draiva, yaani programu ya upande wa kompyuta inayoipa kadi amri. Na ndani ya kadi yenyewe huendeshwa programu nyengine, mafundi wanaiita femuwea, ambayo inasimamia kadi iende kasi gani, itumie umeme kiasi gani na feni izunguke vipi. Kampuni zinazotengeneza kadi huifunga femuwea hiyo. Wewe mnunuzi huwezi kuisoma wala kuirekebisha, na fundi wako pia hawezi.

Tuchukue NVIDIA, kampuni kubwa katika biashara hii. Kwa miaka mingi watu wa kujitolea wameandika draiva huru ya kadi zake kwa ajili ya kompyuta za Linux, jina lake Nouveau. Walianza bila ya kupewa maelezo, wakawa wanaichunguza kadi kama mshonaji anayeiga gauni kwa kulitazama tu mwilini mwa mtu. Mwaka 2012 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliisema kampuni hiyo mbele ya kamera huko Finland kwa neno ambalo hapa hatuliandiki. Matusi hatuyaungi mkono, lakini hasira yake tunaielewa.

Baada ya hapo mambo yakazidi kukaza. Kwenye kadi za namba 900, zilizoanza kutoka mwaka 2014, likaja sharti jipya: kadi haipokei femuwea muhimu isipokuwa iliyotiwa saini na kampuni. Matokeo yake, draiva ya Nouveau haiwezi kuipandisha kadi kasi. Inawaka, picha inaonekana, lakini inakwenda mwendo wa kuwashia tu, kama cherehani ya umeme iliyofungwa kwenye kasi ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Kadi za namba 1000, zilizofuata mwaka 2016, zina kufuli hiyohiyo.

Mei 2022 kampuni ilifungua sehemu ya draiva yake ya Linux, na kwa hilo tunaipongeza. Lakini ilizifungulia kadi za kuanzia mwaka 2018 kuja juu, na femuwea ikabaki imefungwa. Kisha mwaka 2025 ikatangaza kwamba matoleo mapya ya draiva yataacha kuzihudumia kadi za 900 na 1000.

Hesabuni wenyewe. Kadi hizo zimefungwa kwa saini, hazimo katika zilizofunguliwa, na aliyezitengeneza anaziacha mkono. Kwa umri wake, ndizo kadi za kuzikuta kwenye mtumba leo.

Kadi haifi siku hiyo. Itaendelea na draiva ya zamani. Lakini programu za kukatia video hupanda toleo, na toleo jipya hudai draiva mpya. Siku hiyo dada yetu atakuwa na njia mbili: anunue kadi nyengine kwa pesa ambayo hajaipata, au aichukue harusi yako kwenye diski akaikatie kwenye kompyuta ya mtu asiyemjua wewe wala yeye. Sitara uliyoilinda ukumbini inaondoka kwa sababu ya kufuli iliyowekwa mbali huko, kwenye kadi ambayo chuma chake bado ni kizima.

Kampuni zina hoja zake, na tuziseme kwa haki. Kuna matapeli wanaobadilisha programu ya kadi dhaifu ili ijitambulishe kama kadi ya bei ghali. Na kila fundi ana siri za kazi. Sisi tunaoshona hatumpi kila mpita njia pateni zetu.

Lakini mshonaji mwema huacha akiba ya mshono ndani ya gauni. Mteja akinenepa, fundi yeyote atafumua pembeni na kulegeza, hata kama aliyelishona kahama mji. Hakuna siri iliyotoka, na gauni limebaki mali ya mwenyewe. Kadi iliyofungwa hivi haina akiba. Ni gauni unaloambiwa ni lako, ila asilifumue mwengine, na aliyelishona kashafunga duka.

Wala si lazima iwe hivyo. AMD ilitangaza mwaka 2007 kwamba itatoa maelezo ya kadi zake, na leo draiva zake za Linux ziko wazi. Femuwea yake nayo imefungwa, tusidanganyane, lakini waandishi wa draiva huru wanaruhusiwa kuitumia na kadi inafika kasi yake. Walikuwepo pia waliotaka kila kitu kiwe wazi. Open Graphics Project, ulioanzishwa na Timothy Miller mwaka 2004, ulikusudia kadi ambayo hata michoro yake iko mikononi mwa watu. Walifika kwenye ubao wa majaribio ulioitwa OGD1, wa bei kubwa, na kadi ya mtu wa kawaida haikufika madukani. Kutengeneza chipu kunataka mtaji mzito. Kwa hiyo hatuzidai kampuni zigawe kila siri.

Tunachodai ni kidogo: kampuni ikiacha kuitunza kadi, iachie ufunguo. Itoe femuwea na maelezo yatakayomwezesha mwengine kuiendesha kadi kwa kasi yake.

Sisi si mashekhe na hatutoi fatwa ya kadi za video. Lakini sote tangu chuoni tunakijua kisa cha Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alipotia mkono kwenye rundo la chakula sokoni na kukuta chini kumelowa. Muuzaji aliambiwa aweke unyevu juu, watu wauone. Kufuli iliyofichwa ndani ya kadi ni unyevu wa chini ya rundo. Ikiwapo, iandikwe kwenye boksi pamoja na mwaka ambao matunzo yatakwisha, mnunuzi aamue akiwa anajua.

Wewe dada unayetaka kununua kompyuta ya kazi, muulize muuzaji namba ya kadi kabla ya kuuliza bei. Mwambie fundi wako aangalie kama draiva mpya bado zinatoka, na kama ipo draiva huru inayoifikisha kadi kasi yake kamili. Kadi yenye nguvu kidogo lakini iliyo wazi itakufaa kuliko yenye nguvu iliyokwisha kuachwa.

Na wewe biharusi mtarajiwa, unapomlipa mpiga video muulize: video yangu utaikatia wapi, kwenye kompyuta ya nani? Akijibu kwa yake, nyumbani kwake, usimkabe sana kwenye bei. Pesa hiyo ndiyo itakayombakisha na kompyuta yake.

Allah atuhifadhie sitara zetu na atubarikie chumo letu. Amin.