Samaki wa mawe ku Ziwa Tanganyika: wengi, lakini haba

Ku Uvira, Baraka ao Kalemie, mtu anaona samaki wadogo wamejaa ku mawe, anasema: hawa hawawezi kwisha. Hesabu ya macho inadanganya. Mwaka 1981, mtaalamu Deborah Rabinowitz alionyesha kama uhaba unapimwa kwa njia tatu: wingi wa viumbe, ukubwa wa eneo lao, na makao wanayohitaji. Samaki wa mawe wengi hawavuki muchanga. Aina ingine inapatikana ku kipande kimoja tu cha pwani. Kukimbilia chini kabisa haiwezekani, kule oksijeni hakuna. Na miti ikikatwa ku milima, mvua inashusha udongo, unafunika mawe na ukungu wa kijani wanaoula. Mwamba wenye samaki kidogo unaweza kuwa ndio wa kulindwa kwanza.